Ndiyo, Naam na "Yes": Utani Wetu Tunapojifunza Kiingereza



Ndugu zangu katika imani, darsa la safari hii linaanza na kosa langu mwenyewe.

Kila Jumamosi baada ya swala ya Magharibi baadhi yetu hubaki msikitini mpaka Isha, tukisaidiana Kiingereza. Wengi wetu hapa Busitema ni watu wa mpakani. Huyu amekulia Busia upande wa Kenya, yule Busia upande wa Uganda, mwingine katokea Malaba. Nyumbani ni Kisamia, Kiteso, Kipadhola, Kiluo au Kiganda. Sokoni ni Kiswahili. Darasani na kwenye mtihani ni Kiingereza. Mimi nasomea masomo ya Kiislamu Mbale, kwetu ni Tororo, na mwisho wa juma huja kukaa na wenzangu. Kwa kuwa nimesoma nahwu ya Kiarabu kidogo, walinifanya msimamizi wa kipindi cha sarufi. Cheo hicho kikaniingia kichwani.

Jioni moja tulikuwa tukifanya mazoezi ya usaili wa kazi. Mimi nilikuwa mwajiri. Nikamuuliza ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza, "You have not worked anywhere before?" Akajibu bila wasiwasi, "Yes." Nikauliza, "Where?" Akasema, "Nowhere."

Watu walicheka mpaka wengine wakajilaza kwenye mkeka. Nami, badala ya kueleza, nikambandika jina: Bwana Yes. Yeye pia alicheka. Kufikia Ijumaa hata wasiokuwepo walikuwa wakimwita hivyo pale kwa muuza chapati. Jumamosi iliyofuata alikuja lakini hakufungua kinywa. Baada ya hapo hakuja tena. Nilipouliza, niliambiwa ana kazi nyingi za darasani, nami nikaridhika na jibu hilo kwa sababu lilinifaa.

Herufi moja na ahadi ya kwanza

Wiki chache baadaye, nikiwa Mbale, somo letu la nahwu lilifika kwenye herufi za kujibia: naam na bala. (Bala hii si ile balaa ya Kiswahili, ingawa kwangu siku ile yalikuwa mamoja.) Mwalimu alitoa mfano katika Suratul A'raf, aya ya 172, pale Mwenyezi Mungu anapokishuhudisha kizazi cha Adam kwa kukiuliza kama Yeye si Mola wao, nao wakajibu: bala. Imepokewa kwa Ibn Abbas (radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake) kwamba lau wangejibu naam, wangekuwa wamekufuru.

Kwa nini? Kwa sababu naam huikubali kauli kama ilivyoulizwa. Kauli ikiwa na ukanushaji ndani yake, naam huukubali ukanushaji huo. Ukiulizwa, "Je, mimi si Mola wako?" ukasema naam, umesema, "Ndivyo, wewe si Mola wangu." Bala kazi yake ni kuuvunja ukanushaji: "Sivyo, bali Wewe ni Mola wetu."

Sasa turudi jikoni kwetu. Mama anakuuliza, "Hujala?" Ukijibu, "Ndiyo," chakula kinaletwa. Ndiyo yako imekubaliana na maneno yake: ndivyo hivyo, sijala. Kiswahili hapo kinakwenda njia ya naam. Lakini ukiulizwa kwa Kiingereza, "Haven't you eaten?" nawe ukajibu "Yes" peke yake, umesema umekula, na sufuria inarudi jikoni. "Yes" baada ya swali la kukanusha inafanya kazi ya bala.

Nilipofika hapo kalamu ilinianguka. Yule ndugu hakukosa akili wala hakukosa kusikia. Aliulizwa kama hajawahi kufanya kazi, akajibu: ndiyo, sijawahi. Alijibu kwa kanuni kamili, ila ilikuwa kanuni ya lugha aliyoinyonya. Nasi tulikuwa watu kama kumi na tano tunaozungumza Kiswahili hichohicho, tukamcheka mwenzetu kwa jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya akiwa nyumbani kwao.

Ukitaka kujua kwamba jambo hili si la wajinga, watazame Waingereza wenyewe. Zamani walikuwa na maneno manne. "Yea" na "nay" yalijibu swali la kawaida. "Yes" na "no" yalijibu swali lenye kukanusha. Yaani "yes" ilizaliwa ikiwa bala hasa. Mwaka 1532 Thomas More, mwanasheria mkubwa wa London, alimkejeli hadharani William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwa kuchanganya "nay" na "no". Baadaye wazawa wenyewe walichoka na tofauti hiyo wakaiacha. Kifaransa bado kinayo: ndugu zetu wa Kongo waliosoma kwa lugha hiyo wanajua kwamba "oui" si "si".

Mafakihi nao wamelipitia jambo hili, na kwetu sisi tunaofuata zaidi madhehebu ya Imam Shafi'i lipo katika mlango wa kukiri haki. Mtu akiambiwa, "Je, sikudai kiasi fulani?" akajibu bala, amekiri deni. Je, akijibu naam? Kwa nahwu tupu, amelikana. Lakini Imam Nawawi katika Minhaj anahesabu majibu yote mawili kuwa ni kukiri, huku akitaja kwamba kuhusu naam upo mtazamo mwingine ndani ya madhehebu. Wenye kauli hiyo wametazama desturi ya watu: mtu wa kawaida akisema naam mahali pale hukusudia kukubali deni. Tafakari hapo. Mwanachuoni aliyeijua nahwu vizuri kuliko sote alitanguliza kuuliza msemaji amekusudia nini. Mimi nilitanguliza kucheka.

Basi kwa anayejiandaa na usaili, kanuni ya Kiingereza ni hii: usiyatazame maneno ya muulizaji, litazame tukio. Jambo lipo? "Yes." Halipo? "No." Ukiulizwa, "You don't have an identity card?" nacho kitambulisho unacho, sema, "Yes, I do." Huna, sema, "No, I don't." Na usiliache jibu bila mkia. Hata wazawa wa lugha huongeza "I do" au "I don't", kwa sababu "yes" tupu baada ya swali kama hilo huwachanganya wao pia. Fikiria uko hospitali, muuguzi anakuuliza kwa Kiingereza kama huna tatizo na dawa fulani. Hapo mkia mdogo wa maneno mawili unaweza kuwa ndio dawa yenyewe.

Lugha ya mama huchungulia dirishani

Tangu siku ile nimekuwa nikiyaandika makosa ya darsa letu, yangu yakiwa ya kwanza, na mengi ukiyafuatilia unakuta nyuma yake kanuni nyingine imekaa.

Mmoja husema, "Borrow me your pen." Kwa Kiswahili kitenzi ni kilekile: nimeazima kalamu, niazime kalamu. Mwenye kutoa na mwenye kupokea wanatumia neno moja, ila Kiingereza kimewatenganisha: anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow". Mwingine anamzungumzia mama yake na kumwita "he". Kiswahili kina "yeye", Kiluo kina "en", Kiganda kina "ye", na hakuna hata kimoja kinachouliza kama ni mwanamume au mwanamke. Mtu aliyekulia humo anadaiwa kwa Kiingereza habari ambayo ulimi wake haukuwahi kuitoa. Wa tatu anasalimia, "You are lost!" Sote twajua anasema umepotea, yaani siku nyingi hatujaonana, Mwingereza atatafuta ramani. Na Waganda husema "Well done" kwa mtu aliyeketi tu barazani, kwa kuwa ndani yake mna salamu yao ya kumpongeza mtu kwa kazi. Bernard Sabiti wa Uganda aliyakusanya maneno ya namna hii katika kamusi aliyoitoa mwaka 2014 kwa jina la Uglish. Mimi binafsi naona si vibaya kuyajua na kuyafurahia, mradi ujue pia ni wapi hayatakusaidia, kama vile kwenye barua ya kuomba kazi.

Swali lililotushinda kabisa lilikuwa la dada mmoja wa upande wa pili wa pazia. Aliandika kwenye karatasi: anayebisha hodi aseme "It is I" au "It is me"? Vitabu vya zamani vinataka "I", kwa hoja kwamba kiwakilishi baada ya kitenzi hicho kinarejea kwa mtenda. Watu wanasema "me", na wanaosema "I" huonekana wanajidai. Nilipolisoma swali lile nilitabasamu, kwa sababu ni ugomvi wa miaka elfu na mia mbili iliyopita.

Waliochekwa kabla yetu

Sibawayhi hakuwa Mwarabu. Alizaliwa karibu na Shiraz, akaja Basra kijana akitafuta hadithi. Inasimuliwa kwamba akiwa mbele ya sheikh wake, Hammad bin Salama, alisoma hadithi yenye jina la Abu Dardaa, akalitamka "Abu" pale palipopaswa kuwa "Aba". Sheikh akamwambia amekosea. Sibawayhi aliona haya, akaapa kutafuta elimu ambayo ndani yake hatakosolewa, akaenda kwa Khalil bin Ahmad. Matunda yake ni kile kitabu cha nahwu ambacho wanachuoni wanakiita Al-Kitab tu, yaani Kitabu.

Kisai naye, ambaye leo ni mmoja wa wasomaji saba wa Qur'ani, alianza vivyo hivyo. Siku moja alitembea mpaka akachoka, akaketi na watu wa elimu na kusema amechoka, lakini kitenzi alichokitumia kilikuwa na maana nyingine. Wakamwambia: unakaa nasi na unakosea hivi? Akauliza: nimekosea wapi? Wakamweleza tofauti ya vitenzi viwili. Akainuka saa ileile kuuliza nani anafundisha nahwu.

Angalieni jambo moja. Walimkosoa, ndiyo, na neno lao la kwanza lilikuwa kali kidogo. Lakini alipouliza, walimjibu, wala habari haikuishia kwenye kicheko.

Mwisho wa habari ya wawili hawa unasikitisha. Walikutanishwa Baghdad mbele ya Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmaki, waziri wa Harun Rashid, washindane. Swali lilihusu sentensi ya nge na nyigu: mtu alidhani uchungu wa nge ni mkali zaidi kuliko wa nyigu, kumbe huyu ni yuleyule. Je, kiwakilishi cha mwisho kije kwa umbo la mtenda au la mtendwa? Hilo ni "It is I" na "It is me" kwa vazi la Kiarabu. Sibawayhi alikubali umbo la mtenda peke yake. Kisai aliruhusu na la pili. Waliletwa mabedui washuhudie, wakamuunga mkono Kisai, na wapo wanaosimulia kwamba walishawishiwa. Sibawayhi aliondoka Baghdad kwa huzuni, akarudi Uajemi, na wengi wanasema alifariki karibu mwaka 180 Hijria, bado hajazeeka. Kwangu mimi tofauti ya siku ile ya Basra na siku hii ya Baghdad haikuwa katika ugumu wa swali. Basra mtu alikosolewa ili ajue. Baghdad mtu aliulizwa ili aanguke.

Mtume (S.A.W) alitania

Msije mkadhani nataka darsa letu liwe kimya kama makaburini. Utani ulikuwepo kwa mbora wa viumbe, na mwingine ulikuwa utani wa lugha hasa. Anas (R.A) amepokea, na hadithi iko kwa Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mtu alimwomba Mtume (S.A.W) kipando. Mtume akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule bwana akashangaa: mtoto wa ngamia atanifaa nini? Mtume akamuuliza kama kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia. Mzaha wote umekaa juu ya neno "mtoto". Neno ni la kweli, mtu amepata kipando chake, na hakuna aliyeondoka mdogo kuliko alivyokuja. Maswahaba walipomuuliza kuhusu mizaha yake, alijibu kwamba hasemi ila haki.

Sasa tazama nani aliyemcheka mtu kwa ulimi wake. Nabii Musa (A.S) alimwomba Mola wake afungue fundo la ulimi wake, na akaomba nduguye Harun amsaidie kwa kuwa ni fasaha zaidi. Katika Suratuz Zukhruf, aya ya 52, Firauni anawaambia watu wake kwamba mtu huyu ni dhaifu, hata kujieleza hawezi sawasawa. Niliposoma aya hiyo baada ya kisa chetu niliifunga Mus-haf nikakaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimesimama upande gani wa ukumbi ule?

Na Suratul Hujurat, aya ya 11, ambayo sote tumeihifadhi, imekusanya mambo mawili niliyoyafanya kwa usiku mmoja: kumdharau mwenzako, hali huenda yeye ni bora kuliko wewe, na kuitana kwa majina ya kejeli. Mtu atasema: lakini naye alicheka. Ndugu yangu, mtu wa mwaka wa kwanza, katikati ya watu kumi na tano, utamtaka afanye nini zaidi ya kucheka?

Nimejaribu kujipatia kipimo. Mwenzetu akisema "Borrow me your pen" nasi tukamuuliza "From whom?", kisha akaelezwa na kupewa kalamu, kicheko kimeangukia kitenzi, na kesho atamfanyia mwingine utani uleule. Lakini kosa likigeuka kuwa jina la mtu, halimwachi hata akishajifunza. Yule ndugu angeweza kujua kanuni ya "yes" usiku uleule na bado angeamka kesho akiwa Bwana Yes.

Nilikwenda chumbani kwake hosteli nikamwomba radhi. Akasema, "Aa, kaka, mimi nilishasahau." Lakini aliyesahau haachi kuja. Jumamosi iliyofuata nikasimama mbele ya wenzangu, nikaeleza habari ya naam na bala, nikasema jina lile nililianzisha mimi na aliyejibu vibaya siku ile ni mimi. Niliona haya sana. Muuza chapati hakuwepo darsani, hivyo nilimfuata peke yake. Yeye ndiye aliyenisumbua zaidi, kwa sababu alilipenda jina lenyewe.

Majuma mawili yaliyopita yule ndugu aliingia, akaketi karibu na viatu. Hakusema kitu mpaka Isha ikakaribia. Ndipo akauliza: kwa nini watu huandika mwishoni mwa barua "I look forward to hearing from you", na si "to hear", wakati tumefundishwa kwamba "to" hufuatwa na kitenzi kitupu?

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuna aliyejua. Tulichakura kitabu cha sarufi, tukakuta kwamba "to" hiyo ni kihusishi, jamaa ya "kwa", si ile ya kitenzi. Ukitaka kuipima, weka nomino mahali pake. "I look forward to your letter" inakubali. "I want to your letter" haikubali. Pale nomino inapokubali, kitenzi nacho huja kikiwa kimevaa "-ing".

Akaendelea: basi vipi "I used to wake up early" na "I am used to waking up early", mbona zote zina "used to"? Adhana ikatukuta hapo. Mwenye jibu aje nalo Jumamosi.